Kicheko cha Pili

Redio yetu ya kwanza ilinunuliwa kwa pesa za kahawa mwaka wa 1977, nikiwa na umri wa miaka 11. Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi wa Julai 1975, baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapanda kwa namna ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiona. Kwetu Embu, kwenye miteremko iliyo juu ya Runyenjes, Brazil ilikuwa jina la mpira tu. Tulichokijua ni kwamba siku ya malipo ya chama cha ushirika baba alirudi jioni amekumbatia sanduku la karatasi kwa mikono miwili, kama anayetoka hospitali na mtoto mchanga, na hakuliweka chini mpaka mama alipoipangusa meza mara mbili.

Mwaka ule majirani walinunua mabati, wengine baiskeli, wengine ng'ombe wa gredi. Baba alinunua redio. Ilikuwa National, imevishwa ngozi ya kahawia iliyotobolewa matundu madogo upande wa mbele ili sauti ipite, na ilikuwa na mkanda wa kuitundika begani. Mama aliifumia kitambaa cheupe. Ilikula mawe manne makubwa ya betri, na mawe yalikuwa ghali, kwa hiyo sheria iliwekwa usiku ule ule: redio ni ya habari, ya matangazo ya vifo na ya vichekesho. Muziki tuliusikiliza kwa ruhusa. Mawe yalipochoka tuliyaanika juani kwenye bati la ghala, nayo yakapata nguvu za jioni moja zaidi. Jioni hiyo tuliiwekea vichekesho.

Saa ya vichekesho ilipokaribia, watu walianza kuingia uani mmoja mmoja. Wanaume walikalia magogo karibu na mlango, mabega yao yakinukia moshi na kahawa mbichi. Wanawake walikuja na kazi za mikono: huyu kiondo, huyu bakuli la maharagwe ya kuchambua. Watoto tulibanana chini. Nyanya yangu, mamake baba, ambaye sote tulimwita cucu, alikuwa na kigoda chake karibu kabisa na meza, na mimi nilikuwa na mahali pangu katikati ya magoti yake. Mahali hapo sikupewa kwa mapenzi peke yake. Nilikuwa kazini.

Cucu hakujua Kiswahili, na hakuwa peke yake. Leo kijana wa Embu au wa Meru akisikia hivyo hushangaa, lakini wakati ule Kiswahili kilikuwa lugha ya kituo cha polisi, ya duka la Mhindi na ya kondakta wa basi. Nyumbani tulisema Kiembu. Ukivuka mto Thuchi kwenda Chuka, Mwimbi, Imenti, Tharaka, Tigania na Igembe, ulikutana na ndugu zake, Kimeru na lahaja zake, na huko pia Kiswahili kilikaa nje ya boma. Hata shuleni hakikuwa na kiti. Mtihani wetu wa kumaliza shule ya msingi haukukiuliza, na kisichoulizwa hakikufundishwa kwa bidii. Ni mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la mtihani. Sisi tuliotangulia mfumo huo, wengi wetu mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa amevaa ngozi ya kahawia na kukaa juu ya kitambaa cheupe.

Sauti ya Kenya, iliyopewa jina hilo 1964 serikali ilipolichukua shirika la utangazaji, ilikuwa na vipindi vyake vya lugha zetu, Kimeru na Kiembu zikiwemo. Tulivipenda. Lakini vilikuwa vifupi, na tulivyovisikia sisi vilikuwa vya habari, kilimo na nyimbo. Vichekesho tulivifuata Idhaa ya Taifa, kwa Kiswahili. Hapo ndipo nilipopata kazi. Baba alikielewa Kiswahili kwa sababu aliwahi kufanya kazi mjini, lakini baba akicheka hakuweza kusema. Mama alielewa nusu. Mimi nilikuwa nimekiokota sokoni na katika redio za watu tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa na ulimi mwepesi. Kwa hiyo ilitokea hivi: redio ilisema neno, wanaume waliokaa mlangoni wakaangua kicheko, kisha kukawa kimya kidogo, watu wote wakinitazama mimi. Nikageuka kwa cucu na wale wamama, nikasema kwa Kiembu kilichosemwa. Halafu kikaja kicheko cha pili.

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Wanaume waliokwisha kucheka walicheka tena wakiona wanawake wanavyocheka. Redio, maskini, haikungoja, na kila mara tulipoteza maneno mawili matatu ya mbele. Hakuna aliyelalamika.

Nyakati hizo majina ya wachekeshaji Mzee Pembe na Kipanga yalijulikana nchi nzima. Ilitosha kutamka majina yao, watoto wakaanza kujikunja kwa kicheko kabla hakijasemwa kitu. Kiswahili kilichotujia kutoka kwenye vichekesho hivyo kilikuwa na harufu ya pwani, laini, chenye kuzunguka kabla ya kufika, na sisi tuliokisikia kule juu mlimani tulikitazama kama mtu anayetazama bahari kwenye picha. Nilijifunza mapema kwamba mzaha haubebeki kama gunia. Kuna mchezo mmoja, sikumbuki tena ni wa nani, ambapo mtu wa bara anafika nyumba ya pwani, mwenyeji anamwambia, karibu, kaa, naye anaruka nyuma na kuangaza sakafuni akimtafuta huyo kaa. Mlangoni wanaume walikufa. Nikageuka kwa cucu, nikafungua mdomo, nikagundua sina kitu mkononi. Kwa Kiembu neno la kuketi na jina la mnyama yule ni vitu viwili visivyojuana.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Cucu, kwa Kiswahili kukaa na yule wa mtoni anayetembea upande ni neno moja."

Kaa wa mtoni alimjua. Alifikiri kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo huko pwani mgeni hukalishwa juu yake?"

Akacheka kwa picha aliyoichora mwenyewe mpaka akashika mbavu, na wamama wote wakamfuata, na baba akatokwa na machozi. Mzaha wake haukuwa ule wa redio. Ulizaliwa palepale uani, kutokana na ule mwingine, kama chipukizi kwenye kisiki. Nilikwenda kulala usiku ule nikijua jambo ambalo baadaye lilinipa riziki, kwa maana nimeishi kwa kufundisha lugha: ukitaka mtu acheke kwa lugha yake, usimpelekee neno, mpelekee picha, kisha umwachie.

Kulikuwa na neno moja lililonishinda kabisa, nalo ni ungwana. Tangu 1966 mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alikuwa na kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, ambamo alieleza vitu watu wanavyowafanyia wenzao: mgeni anayefika bila habari saa ya chakula, mtu anayeazima asirudishe, yule anayesoma barua isiyo yake. Alivieleza kwa sauti tulivu, ya mtu anayekujua na hakutaki ubaya, kisha akauliza lile swali lake. Tulicheka sana kwa sababu kila alichokisema kilikuwa na mwenyewe pale uani. Watu walitazamana. Jirani mmoja aliyekuwa na jembe letu kwa mwezi mzima alilirudisha kesho yake alfajiri, hakusema kitu, na baba naye hakusema kitu.

Lakini ungwana ni nini? Nilimwambia cucu ni tabia nzuri. Akasema hapana, tabia nzuri ina jina lake na kila mtu analijua. Huyu anauliza kitu kingine. Nikamwambia ni heshima. Akasema hapana. Kila kipindi kilipokuja tulibishana upya, na mwishowe cucu akaacha kulitafsiri, akalichukua lilivyo. Akawa anawaambia wajukuu kwa Kiembu, na katikati ya Kiembu chake anapachika ungwana kama jiwe la rangi nyingine kwenye ukuta.

Nilikuja kuelewa ukaidi wake nilipokuwa mtu mzima. Katika miji ya pwani ya zamani, muungwana alikuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. Tabia njema ilikuja baadaye, ikajishikiza kwenye neno hilo kama kwamba mtu huru peke yake ndiye anayeweza kuwa nayo. Na Mbotela alitoka katika ukoo wa watu waliokombolewa utumwani wakakaa Freretown, Mombasa. Baba yake, James Mbotela, aliandika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934. Kwa hiyo, miaka yote ile, mtu ambaye wazee wake walinyimwa neno hilo ndiye aliyesimama mbele ya kipaza sauti na kuiuliza nchi nzima maana yake. Alilichukua kutoka mikononi mwa waliorithi nasaba akampa kila anayerudisha jembe la jirani. Cucu alisikia uzito wake bila kuambiwa habari hii. Alisikia tu kwamba neno hili haliingii kwenye kikapu cha "tabia nzuri", na alikuwa sahihi.

Muziki nao ulikuwa na vichekesho vyake. Gabriel Omolo alikuwa ametoa wimbo wa Lunch Time miaka kadhaa kabla ya hapo, na ulikuwa bado ukipigwa redioni kana kwamba umetoka jana. Ni wimbo wa wafanyakazi wa Nairobi saa ya mapumziko ya mchana: kila mmoja huenda mfuko wake unakompeleka, wengine kula, wengine kujilaza kwenye nyasi mpaka saa ya kazi irudi. Wanaume waliufurahia kwa sababu waliokwenda mjini walijiona humo. Mimi niliueleza kwa wamama kama mzaha, nikaigiza hata mtu aliyelala na kofia usoni. Wamama walicheka. Cucu hakucheka.

"Kwa nini hawaendi nyumbani kula?"

Nikamwambia nyumbani ni mbali, na saa ni moja tu.

"Na wale waliolala, wamekula?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeuimba wimbo ule mwaka mzima na sikuwahi kujiuliza. Nikamwambia nadhani hawajala, mwisho wa mwezi haujafika.

Mwezi wa Desemba baba mdogo alikuja kutoka Nairobi, alikokuwa karani, amevaa tai na viatu vya kung'aa, akitugawia mkate. Cucu alimpokea, akamkalisha, akamtilia uji. Kisha akamuuliza mbele yetu sote, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, wewe saa ya mchana hulala wapi?"

Baba mdogo alimtazama. Akanitazama mimi, akaielewa njia ambayo swali lilipitia. Kilichofuata sikukitarajia: aliinama, akacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, na alipoinua uso alikuwa na machozi. Akamwambia kuna mti mmoja, kivuli chake ni kizuri. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyesafiri kwenda Nairobi kutoka kwetu bila mzigo wa ndizi na viazi vikuu wa kumpelekea baba mdogo. Redio ilikuwa imechekesha mji mzima kwa habari ya njaa, na mwanamke mmoja asiyejua lugha yake ndiye aliyesikia njaa yenyewe.

Mwaka wa 1980 nilikwenda shule ya upili ya bweni upande wa Imenti. Basi lilivuka Thuchi, likashuka na kupanda bonde la Nithi kwa kona zake za kutisha, likavuka Mutonga, na kila lilipovuka mto lugha ya abiria waliopanda ilibadilika kidogo, maneno yale yale yakivaa nguo nyingine. Bwenini tulikuwa wasichana wa Chuka, wa Tharaka, wa Igembe ambako miraa inatoka, wa Imenti wenyewe, na sisi wachache kutoka Embu. Wenzetu waliigiza Kiembu changu, nami niliigiza Kimeru chao, na majuma ya kwanza hayakuwa rahisi. Kila kundi lilikuwa na mzaha wake ambao ukivuka kitanda cha tatu ulikufa.

Jumamosi jioni mlezi wa bweni alituwekea redio dirishani. Jumamosi ya kwanza nilikaa mbali, nikingoja kazi yangu kwa mazoea. Mchekeshaji alisema neno lake, na ukumbi mzima ukacheka wakati mmoja. Wa Igembe, wa Tharaka, wa Embu, kwa pamoja, pumzi moja. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Nilicheka pia, na katikati ya kicheko nikahisi pengo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kicheko cha pili hakikuja.

Hata hivyo sina budi kusema kilichotendeka baada ya hapo, kwa sababu ndicho kilichotuunganisha. Jumatatu yake wasichana walianza kusemeshana kwa maneno ya mchezo ule. Aliyechelewa foleni ya chakula aliulizwa kama huo ni ungwana. Aliyelala mchana kwenye nyasi aliitwa mtu wa Lunch Time. Tulipata kitu ambacho hakikuwa cha mto wowote, na kila mmoja wetu alikuwa na haki sawa nacho kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa mgeni kwacho. Nimesikia watu wakisema kwamba nchi hii iliunganishwa na bendera na wimbo wa taifa. Sisi, katika bweni lile, tuliunganishwa na watu waliotuchekesha.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Tulikuwa likizoni. Baba alifungua redio asubuhi, na badala ya vipindi vya kawaida tukasikia muziki usio na mtangazaji. Baadaye ikaja sauti tuliyoijua kuliko sauti za majirani wengi. Ilikuwa sauti ya Mbotela, ikisema kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye nchi ilijua kwamba wanajeshi walimtoa nyumbani kwake Ngara, Nairobi, wakampeleka studio akiwa amezungukwa na bunduki. Asubuhi ile hatukujua lolote. Baba aliganda. Mama alishika mlango. Mimi niligeuka kwa cucu, kwa mazoea ya miaka mitano, nikafungua mdomo ili nimwambie.

Akaniinulia mkono. "Usiseme," akanena. "Huyu leo ameshikwa."

Maneno hakuyaelewa hata moja. Aliijua pumzi yake. Alikuwa ameisikiliza sauti ile kwa miaka, kuliko hata alivyowasikiliza wanawe waliohama, alijua inapopanda na inapotua, na asubuhi ile aliisikia ikitembea kama mtu anayetembezwa. Baadaye siku hiyo hiyo, baada ya majeshi tiifu kukikomboa kituo cha utangazaji, sauti ile ile ilitangaza kwamba serikali ingalipo. Cucu alisikiliza, akavuta pumzi, akasema sasa amefunguliwa. Ndipo akaenda kukamua ng'ombe.

Kwa miaka yote hiyo hatukuwahi kuziona nyuso zao. Kila mmoja wetu alikuwa amejichorea zake. Mbotela wa cucu alikuwa mzee mwembamba mrefu mwenye ndevu nyeupe, anayevaa koti refu, na anayepiga hodi kabla ya kuingia popote. Katikati ya miaka ya 1980 mwalimu mmoja wa jirani alinunua televisheni inayotumia betri ya gari, na nyumba yake ikajaa kila jioni ya vichekesho, kwa maana wakati huo Vitimbi na Vioja Mahakamani zilikuwa zimeanza kushika watu. Jioni moja nilimpeleka cucu, na kwenye kioo akatokea Mbotela mwenyewe. Nikamwambia, cucu, ndiye huyo. Alimtazama kwa makini, kwa heshima, kama anayemtazama mtu aliyeleta barua. "Hapana," akasema, "huyu ni mtoto wake." Kisha akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, akitabasamu.

Nilimkumbuka kwa hilo miaka mingi baadaye. Cucu alifariki 1994, na baba akamfuata. Mimi nilikuwa nimefundisha Kiswahili katika shule za Meru karibu maisha yangu yote ya kazi, na kila likizo nilishuka Runyenjes kumtazama mama. Likizo moja, si zamani sana, binti yangu alikuja na kompyuta yake, akaniwekea filamu ya Marekani iliyotengenezwa na Paramount mwaka wa 1932, The Big Broadcast. Alijua ninavyopenda habari za redio. Ni kichekesho cha nyimbo kuhusu kituo cha redio kinachokaribia kufungwa. Mwimbaji wake mkuu, anayeigizwa na Bing Crosby, hajui saa, na mapenzi yamemvuruga. Meneja ni George Burns, na anayemchanganya akili kwa majibu yake ni Gracie Allen. Kijana tajiri kutoka Texas anakinunua kituo ili kukiokoa, kisha wanaitwa waimbaji wakubwa wa siku zile, Cab Calloway, ndugu wa Mills Brothers, Kate Smith, kila mmoja na wimbo wake.

Nilipoitazama nilielewa kwa nini watu wa wakati ule walijipanga kwenye majumba ya sinema, tena katika miaka ya dhiki kubwa ya uchumi. Walikuwa wakizisikia sauti hizo sebuleni kila usiku. Sasa walikuwa wakienda kuziona nyuso. Wale nao walikuwa wamejichorea zao, na bila shaka miongoni mwao alikuwepo bibi mmoja aliyefumba macho.

Mama alikuwa ameketi kando yangu. Baada ya dakika chache akanigusa goti. "Wanasema nini?"

Nikaanza. Gracie Allen ni mgumu, kwa sababu kila jibu lake linalipindua neno la aliyeuliza na kulipeleka shamba lingine. Neno kwa neno asingepatikana. Nikampa mama picha: huyu mama anaulizwa habari ya mlango, yeye anajibu habari ya ufunguo, na mzee huyu ameshakuwa na wazimu na bado anaendelea kuuliza. Mama akacheka. Akatazama kioo, akamwona Burns anavyomtazama Gracie, akacheka tena, na safari hii bila mimi.

Filamu ilipokwisha, mama alinyosha mkono akafungua redio yake ndogo iliyo dirishani. Siku hizi hiyo haizimwi. Tangu Kameme FM ilipofungua njia mwaka wa 2000, stesheni za lugha za nyumbani zimeenea, na mlima wetu una zake: Muuga FM na Mwariama FM kwa Kimeru, na Wimwaro FM kwa lugha yetu. Watangazaji wawili walikuwa wakitaniana kwa Kiembu cha kasi, kile cha ndani kabisa, chenye methali ndani ya methali, cha wazee wanaosutana penye ng'ombe. Mama akaangua kicheko. Dada yangu aliyekuwa jikoni naye akaangua kicheko. Binti yangu alinitazama, akisubiri.

Sikuwa nimeelewa. Miaka 40 ya Imenti na ya vitabu vya Kiswahili ilikuwa imenikwangua. Neno moja katikati ya mzaha lilikuwa la zamani, nililisikia mara ya mwisho nikiwa katikati ya magoti ya cucu, na nilikuwa nimelisahau.

Mama aliona. Hakushangaa wala hakunicheka. Aliipunguza redio sauti, akapoteza maneno mawili matatu ya mbele, akanigeukia. "Sikiliza," akasema. Akaniambia maana ya neno lile, kisha akaniambia yule mzee anayesutwa amesimama wapi, ameshika nini, na ng'ombe anamtazama namna gani. Akaniachia hapo.

Picha ikanijia. Nikacheka mpaka nikashika mbavu, na wao wote wakacheka tena.